Fakitire si vidanji: utajuaje kama garaji ilitengeneza motokari yako kweli?

Kama unafanya kazi ku karyeri, unajua desturi hii. Kabla ya shofere kupanda kamyo kubwa, anaizunguka kwa miguu. Anaangalia pine, anaangalia chini kama mafuta yanatona, na akiisha kupanda anajaribu freni mahali pasipo na hatari. Karatasi ya atelie inasema kamyo ni nzima, na fundi ameweka sahihi yake, lakini shofere anazunguka vilevile. Hakuna mtu anayemwambia kwamba anamtukana fundi. Ni kazi yake.

Sasa mtu yule yule anapata mshahara, na anapeleka motokari yake mwenyewe kwa garaji. Anaacha ufunguo asubuhi. Saa kumi anarudi, analipa, anapokea fakitire yenye muhuri, anaona motokari imeoshwa inang'aa, anaenda nyumbani na furaha. Kapo hafungui. Jumamosi anapakia mama na watoto, na wote wanashika njia ya Likasi, kilometa 120 hivi toka Lubumbashi, nyuma na mbele ya makamyo yenye kubeba shaba.

Kwa kamyo ya kompani anazunguka. Kwa motokari yenye kubeba watoto wake hazunguki. Tuzungumze juu ya jambo hili.

Mimi mwenyewe nilifunguliwa macho na inswa. Ilikuwa mwezi wa 12. Nilikuwa nimepeleka motokari kwa garaji moja kubwa, katika zile zinazouza motokari mpya, zenye vioo virefu na viti vizuri na maji baridi kwa wateja. Niliomba antretie ya kilometa 40.000, yaani matengenezo ya kawaida yanayoandikwa katika kitabu cha motokari. Fakitire ilikuwa na mistari mingi: mafuta ya motere, filtri ya mafuta, filtri ya hewa, kusafisha na kupima freni. Nikalipa yote.

Nyumbani mtoto wangu wa kiume akaniuliza filtri ya hewa ni kitu gani. Baba hakatai swali la namna hiyo. Nikafungua vifungo vya sanduku la filtri nimwonyeshe. Ndani mulikuwa filtri yenye rangi ya udongo mwekundu, na katika mikunjo yake mabawa ya inswa yamenata. Unajua inswa zinatoka mvua za kwanza zikianyesha, na usiku zinafwata mataa ya motokari. Sisi tulikuwa tumepita katikati yao mwezi wa 11. Filtri hii, kufwatana na fakitire, ilikuwa na umri wa saa tatu. Mtoto akasema: "Papa, hii mupya iko na mabawa?"

Kesho yake nikarudi. Shefu wa atelie hakuwa mwizi, hilo sherti niliseme. Alikwenda ku depo, akakuta filtri za namna ile zilikwisha tangu juma lililopita. Mashine ya kuandika fakitire inaandika mistari yote kwa mara moja, kazi ikiwa imefanyika ao haijafanyika. Fundi aliitiwa motokari ingine yenye haraka, na hakuna aliyefuta mstari. Wakanirudishia feza ya filtri. Nilikuwa karibu kuondoka, kisha nikauliza: "Na freni, shefu?" Akanyamaza kidogo. Tukatoa gurudumu moja pamoja. Vumbi lote lilikuwa mahali pake, jembamba, laini, halijaguswa na mtu.

Feza ya filtri ni dola chache tu. Usingizi wangu uliondolewa na lile vumbi la freni.

KWA NINI FRENI KWANZA

Unapokanyaga freni, mguu wako hausukumi gurudumu. Unasukuma mafuta ya freni ndani ya tiyo nyembamba, na mafuta yale yanasukuma plaketi, nazo zinabana disiki. Mafuta hayakubali kubanwa yawe madogo, ndiyo sababu nguvu ya mguu inafika yote ku gurudumu.

Lakini mafuta ya freni yana tabia moja mbaya: yanakunywa maji. Yanayavuta toka hewani, polepole, mwezi kwa mwezi, kwa kupitia tiyo za mpira na kifuniko cha kichupa chake. Mafuta mapya ya namna inayoandikwa DOT 4 hayachemki mbele ya digri 230. Yakiisha kunywa maji kadiri ya sehemu 3,7 kwa 100, kipimo kinaruhusu yachemke kwa digri 155. Kwa DOT 3 ni digri 205, kisha 140. Sasa fikiri mteremko, motokari yenye kujaa watu na mizigo, na wewe unakanyaga, unaachia, unakanyaga tena, kwa sababu kamyo ya mbele inakwenda polepole. Disiki zinaweza kupita digri 300, na joto lile linaingia katika mafuta.

Mafuta yakichemka yanatoa mvuke, na mvuke unabanika kama hewa ndani ya mpira wa watoto. Unakanyaga, pedali inaenda mpaka chini, na motokari inaendelea na safari. Dakika 10 mbele ya hapo freni ilikuwa nzuri. Kesho, ikiisha kupoa, inaweza kuonekana nzuri tena, na mtu atakayeipima atasema hakuna shida. Kwa sababu hiyo watengenezaji wengi wanaomba mafuta haya yabadilishwe kila miaka 2, hata kama motokari ilitembea kidogo.

Namna gani utajua kama yalibadilishwa? Watu wengi wanaangalia rangi ndani ya kichupa chini ya kapo: mapya ni meupe ama ya rangi ya asali nyepesi, ya zamani ni kama chai nzito. Ni vizuri, lakini haitoshi. Fundi mvivu anaweza kuvuta mafuta ya kichupa kwa sindano kubwa na kumimina mapya juu. Kichupa kinaonekana safi, na ndani ya tiyo, kule kwenye joto, yamebaki yale ya zamani. Kazi ya kweli inafanyika ku magurudumu yote. Nyuma ya kila gurudumu kuna buloni ndogo ya kutolea mafuta na hewa, mara nyingi yenye kikofia cha mpira. Kama kazi imefanyika, kila buloni ilishikwa na ufunguo: vumbi limeondoka pale, kikofia kimepanguswa. Kama yote minne imefunikwa na udongo wa mwezi mzima, hakuna aliyefika pale. Angalia tu. Usifungue buloni ile wewe mwenyewe, maana hewa itaingia.

USIKU WA MBELE

Shofere wa kamyo anazunguka mbele ya kazi. Wewe uzunguke mbele ya garaji. Unaomba vitu vichache: tambara, taa, kalamu ya wino usiofutika, na vernisi ya kucha ya mama. Chaki si nzuri, kwa sababu garaji wanapenda kuosha motokari. Simu yako yenye kupiga picha itakuwa shahidi: piga picha ya hesabu ya kilometa na ya kipimo cha esanse ao mazutu. (Mara ingine motokari inatengenezwa kwa kutembea kilometa 60 mjini na mtu usiyemjua.)

Anza na magurudumu. Piga mstari mwembamba wa vernisi, uanze juu ya buloni na uishie juu ya chuma cha gurudumu. Fanya hivyo kwa buloni moja ao mbili za kila gurudumu. Buloni ikifunguliwa na kukazwa tena, ni vigumu sana mistari yote ikutane kama mbele. Fakitire ikisema freni zilisafishwa, na mistari yako yote ingali sawasawa, hakuna gurudumu lililotoka. Usipake kitu disiki yenyewe.

Filtri ya hewa: fungua sanduku lake, uandike tarehe ndogo pembeni ya filtri. Inatosha. Filtri iliyopulizwa tu na kompresa inaweza kuonekana kama mpya, lakini tarehe yako haipulizwi. Na hapa kwetu msifwate kitabu cha motokari kwa macho yaliyofungwa. Kitabu kiliandikwa pia kwa watu wenye njia za lami. Toka mwezi wa 5 mpaka wa 9, wakati wa kipwa, vumbi la njia za karyeri linaziba filtri upesi sana, na anayeishi karibu na njia hizo aangalie filtri yake kila mwezi.

Filtri ya mafuta ya motere: kama mkono unaifikia na motere imepoa, tia nukta ya vernisi. Kwa motokari zingine iko ndani, ama chini kuna bamba la kufunika. Basi iache. Kama nukta imewekwa, inafanya kazi mara mbili. Kwanza, filtri mpya haitakuwa nayo. Pili, utaomba ile ya zamani, na ya kwako itajulikana. Kila garaji ina pipa lenye kujaa filtri chafu za watu wote. Ukiomba "filtri yangu ya zamani" bila alama, ni nani atakayejua walikupa ya nani?

Maneno hayo ya kuomba piesi za zamani sherti yasemwe asubuhi, unapotoa ufunguo, na yaandikwe juu ya karatasi ya kazi: nirudishiwe filtri zote, buji, plaketi, na mkaba wa distribisho kama unabadilishwa. Juu ya mkaba huo sitasema mengi. Umefichwa chini ya kifuniko, huwezi kuuona, na katika motere nyingi ukikatika unaharibu motere nzima. Basi omba ule wa zamani mkononi, na kilometa ziandikwe juu ya fakitire.

MAFUTA YA MOTERE: USIGOMBANE BURE

Hapa watu wengi wanadanganyika kwa pande mbili.

Kama motokari yako inakunywa esanse, jambo ni rahisi. Siku ya vidanji, kijiti cha kupimia kitatoka na mafuta ya rangi ya asali, unaona kijiti kupitia ndani yake. Yakiwa meusi kama kahawa siku ile ile, uliza swali.

Lakini kama ni ya mazutu, pole pole! Motere ya mazutu ina masizi ndani yake, na vidanji haitoi masizi yote. Mafuta mapya yanaanza kuwa meusi mara motere inapowaka, na yanaweza kuwa meusi kabisa mbele hujafika nyumbani. Nilimwona mtu mzima akipiga kelele ku garaji, na kijiti mkononi, na fundi hakuwa na kosa hata moja. Kwa mazutu, rangi si ushuhuda. Angalia filtri, angalia kiasi, angalia buloni ya vidanji.

Kiasi kinapimwa mahali pa sawasawa, motere ikiwa imezimwa dakika 10 hivi. Mafuta yawe katikati ya alama mbili, karibu na ile ya juu, yasiipite. Kuzidisha ni kubaya pia. Kisha linganisha hesabu ya lita: kitabu kinasema 4, fakitire inasema 6. Zile 2 ziko wapi? Ama ziko ndani ya motere yako na zitaiumiza, ama ziko ndani ya motokari ya mtu mwingine.

Na buloni ya vidanji, ile ya chini inayotolea mafuta, ina pete nyembamba ya kuzuia yasitone. Katika motokari nyingi pete hii ni ya shaba ao ya aluminiamu. Inabanwa mara moja tu, kisha inapaswa kubadilishwa. Tazama basi: shaba tunaichimba sisi, inakwenda ng'ambo, inarudi ikiwa pete ndogo kama ya kidole cha mtoto, na hata hiyo wanasahau kuitia. Ukiona tone chini ya motokari asubuhi ya pili, fikiri kwanza juu ya pete.

SAA YA KUPOKEA

Usitie sahihi mbele hujaona. Simama karibu na motokari, kapo ikiwa wazi, fakitire mkononi, na soma mstari kwa mstari. Usizungumze na mtu wa kesi, yeye anajua feza tu. Omba shefu wa atelie ao fundi aliyefanya kazi. Na usianze na neno "wizi". Sema hivi: "Shefu, jambo. Naona hapa munaandika filtri ya hewa. Tafadhali, tufungue pamoja munionyeshe." Mtu aliyefanya kazi atafungua na furaha, mara nyingi atakuonyesha na vingine usivyoomba. Mtu asiyefanya ataanza kusema juu ya wakati, juu ya funguo, juu ya fundi aliyekwenda kula.

Kama wanakasirika, kumbuka kazi ya umeme ku izine. Mafundi watatu wakitengeneza mashine moja, kila mmoja anatia kadena yake juu ya swichi, hata kama ndugu yake amekwisha kutia ya kwake. Hakuna anayeona haya.

Mama, maneno haya ni yako pia. Katika nyumba nyingi ni mama anayepeleka motokari, kwa sababu baba ni posti ya asubuhi. Kuna garaji zinazomwambia mama "mutaelewa pamoja na papa". Jibu ni moja: mama amekuja na fakitire, mama anaonyeshwa. Alama za vernisi ziko, na vernisi ni yake.

Ukikuta mstari usiofanyika, omba mambo mawili: kazi ifanyike mbele ya macho yako siku ile, ama mstari ufutwe na feza irudishwe, na tarehe iandikwe. Kwa freni usikubali "mutarudi juma lijalo". Motokari ilale garaji, wewe uende na teksi.

Plaketi mpya zikitiwa, kuna jambo la hatari ambalo hata fundi mzuri anaweza kulisahau. Mara ya kwanza pedali inaweza kuzama mpaka chini, kwa sababu plaketi hazijasogea karibu na disiki. Mbele ya kuondoka, motere ikiwaka na motokari imesimama, kanyaga mara kadhaa mpaka pedali iwe ngumu na ya juu. Kisha tembea polepole ndani ya kiwanja na ujaribu kusimama. Magurudumu yakiwa yalitolewa, kaza buloni tena baada ya kilometa 50 mpaka 100.

Neno moja limebaki, kwa wale watakaotaka kuona buloni ya vidanji na ile pete ya shaba leo hii mbele ya nyumba. Kiriki ni ya kubadilisha pine. Haishiki motokari juu ya mtu. Udongo wa kiwanja unazama, kiriki inaegemea, na motokari inashuka bila kutoa sauti. Usiingize hata bega chini yake, wala usimtume mtoto kwa sababu yeye ni mwembamba. Buloni hiyo utaiangalia ku garaji, siku motokari ikiwa juu ya ponti, ile mashine inayoinyanyua. Omba tu, na fundi mwenyewe atakushikia taa.